Ukuta mmoja, kuta mbili, au mawe na chokaa: upi ukufae Unguja na Pemba

Ramani nyingi za nyumba zinazojengwa Zanzibar siku hizi hazikuchorwa Zanzibar. Ndugu yuko Uingereza au Maskati, amelipia mchoro huko huko, akautuma kwa simu. Fundi wa Bububu au Chake Chake anaufungua na kukuta kila penye ukuta wa nje pana mistari miwili, katikati pameachwa wazi. Anauliza huo mwanya ni wa nini. Anajibiwa kwamba ndivyo nyumba nzuri zinavyojengwa. Jibu hilo halimsaidii fundi wala mwenye pesa, kwa sababu kuta mbili ni matofali mara mbili, na zikijengwa kwa kubahatisha zinaleta unyevu ambao ukuta mmoja usingeuleta.

Kuta za kuchagua ni tatu. Wa kwanza ni ule unaouona kila pahala: tofali la saruji la inchi 6, plasta ya saruji nje na ndani, rangi juu yake. Wa pili ni wa wazee wetu, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene nusu mita na zaidi. Wa tatu ni huo wa kwenye ramani ya ng'ambo: kuta mbili zilizoachana inchi 2 au zaidi, zimeshikanishwa kwa vishikizo vya chuma. Watu huzilinganisha kwa bei, kwa uimara, kwa ubaridi wa vyumba. Mimi naanza na jambo jingine: maji yakishaingia ndani ya ukuta, yatatoka kwa njia gani?

Maana kuingia yataingia. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, Pemba huzidi hapo na kukaribia 1,900. London hupata kama 600. Tena mvua yetu haigawanyiki sawasawa. Masika ya Machi hadi Mei hubeba sehemu kubwa, na Aprili peke yake inaweza kuloweka ukuta siku kadhaa mfululizo bila jua la kuukausha. Ongeza upepo wa kusi unaosukuma matone ubavuni mwa nyumba, maji yanayopanda kutoka ardhini, na hewa yenyewe, ambayo hapa kwetu imebeba maji hata siku isiyo na wingu.

Tofali moja na plasta ya saruji

Ukuta huu hujitetea kwa kufunga mlango. Plasta ngumu, rangi juu, maji yabaki nje. Kwa miaka michache ya mwanzo unafanikiwa. Halafu plasta inapata nyufa nyembamba kama unywele, kwenye pembe za madirisha hasa, na ufa wa namna hiyo hunyonya maji vizuri kuliko tundu kubwa. Yakishaingia yamefungiwa, kwa kuwa plasta na rangi ya mafuta iliyoyazuia kuingia ndiyo sasa inayazuia kutoka. Yanatafuta upande wa ndani. Unaona rangi inafura malengelenge chini ya dirisha, unga mweupe wa chumvi unajitokeza, na ukigonga kwa kidole plasta inalia kitupu.

Hata hivyo sikubaliani na wanaousema vibaya ukuta huu kila mara. Mara nyingi kosa ni la paa. Nyumba ya chini yenye paa lililotokeza sentimita 60 hadi 90 kupita ukuta, na msingi ulioinuliwa vya kutosha juu ya ardhi, inaweza kukaa miaka mingi na tofali moja tu bila tatizo, kwa sababu mvua haiufikii ukuta isipokuwa siku za upepo mkali. Kilichobadilika ni mtindo. Siku hizi kila mtu anataka paa la kuficha, ukuta umepanda juu ya bati ukalizunguka, na nyumba inaonekana kama sanduku. Inapendeza kwenye picha. Lakini ukuta huo hauna mwavuli, na kichwa chake kilicho wazi juu kinakunywa mvua moja kwa moja. Halafu mwenye nyumba anamlaumu fundi plasta.

Ukibaki na tofali moja, pesa iende pahala tatu kabla ya kitu kingine chochote. Nailoni nzito au tabaka la lami juu ya msingi la kuzuia maji yanayopanda, ipite unene wote wa ukuta na ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje (mimi huomba 30, kwa sababu matone ya paa yakigonga mchanga yanaruka juu sana). Paa litokeze. Na plasta ya nje isiwe ya saruji tupu: sehemu 1 ya saruji, 1 ya chokaa, 6 za mchanga, inapasuka kidogo na inaruhusu ukuta kupumua. Juu yake rangi ya maji, si ya mafuta.

Mchanga nao uulizwe ulikotoka. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ikishakuwa ndani ya tofali huvuta maji kutoka hewani. Ukuta wa namna hiyo unaloa hata wakati wa kaskazi, miezi ya mvua kidogo, na hakuna rangi itakayoutibu.

Mawe na chokaa

Ukuta wa mawe haujaribu kumzuia mtu mlangoni. Unakunywa maji, unayahifadhi katika unene wake, jua likitoka unayatoa polepole kwa pande zote mbili. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani ina maandishi ya mwaka 1107, na ingawa sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, inatosha kuonesha kwamba matumbawe na chokaa vinaijua hali ya hewa ya visiwa hivi.

Sharti ni moja: kila kilichomo kwenye ukuta huo lazima kipumue. Mota ya chokaa (mchanganyiko unaoshikanisha mawe), plasta ya chokaa, na juu yake chokaa ya kupaka, inayorudiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kabla ya masika. Anayepiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe ni sawa na anayemvisha mtu anayetoka jasho koti la mpira. Jiwe lina unyevu na chumvi za bahari ndani yake. Unyevu unakuja hadi nyuma ya saruji, unakwama, chumvi inaganda na kuvimba pale pale, na baada ya misimu michache plasta inabanduka mapande mapande ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe. Ukipita vichochoro vya Malindi au Shangani, Mji Mkongwe, utaona kuta zilizotengenezwa hivyo, plasta imeachia kuanzia usawa wa goti hadi kifuani na chokaa ya zamani juu yake bado imeshika.

Kwa anayejenga upya leo, sioni sababu kubwa ya kuchagua ukuta huu. Mafundi wanaojua kuzima chokaa kwa maji na kuisubiri ni wachache, kila mkono wa plasta unahitaji muda wa kukauka kabla ya mwingine, na ukuta wa nusu mita unakula kiwanja. Lakini kama umerithi nyumba ya mawe, huna cha kuchagua: chokaa kwa chokaa. Na ikiwa nyumba imo ndani ya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, matengenezo yanapitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Usianze kwa kubomoa plasta kisha ukaenda kuomba ruhusa.

Kuta mbili zenye mwanya

Sasa huo mgeni wa kwenye ramani. Wazo lake ni la kiungwana: ukuta wa nje umekubaliwa uloe. Mvua ya upepo inapenya, inafika upande wa nyuma wa ukuta huo, inakuta mwanya, inateremka ndani ya mwanya hadi chini, inatoka nje kwa matundu. Ukuta wa ndani, ambao ndio unaobeba paa na ndio unaougusa kwa mkono ukiwa kitandani, haukutani na maji kabisa. Waingereza waliuzoea ukuta huu tangu miaka ya 1920 na 1930, wakaujenga kwa tofali la kuchoma lisilopigwa plasta nje.

Hapo kwenye "lisilopigwa plasta" ndipo shida yetu inapoanzia. Matundu ya kutolea maji kwao ni mapengo kati ya tofali na tofali, mota imeachwa isitiwe, yanaonekana kwa macho. Hapa kwetu ukuta wa nje ni tofali la saruji na ni lazima upigwe plasta. Fundi mwashi anaacha matundu kama ramani inavyosema. Fundi plasta anakuja wiki mbili baadaye, haambiwi kitu, anaona matundu, anayaziba kwa mwiko akidhani anasahihisha kazi ya mwenzake. Nimeona nyumba nzima ya ghorofa moja upande wa Fumba imefungwa hivyo, tundu hata moja halikubaki. Mwanya wake ukawa tangi. Maji yalikuwa yanasimama chini, yanapenya kwenye ukuta wa ndani, na mwenye nyumba akawa na unyevu wa usawa wa soketi vyumba vyote vya upande wa bahari, baada ya kulipia matofali mara mbili.

Dawa yake ni rahisi. Kata vipande vya bomba la kupitishia waya za umeme, la milimita 20, virefu kiasi cha kuvuka ukuta wa nje na kutokeza sentimita 2 mbele ya plasta. Vitiwe wakati wa kujenga, vikiwa vimeinamia nje, kwenye kozi (safu ya matofali) ya kwanza juu ya nailoni. Bomba linalotokeza haliwezi kuzibwa kwa bahati mbaya. Kwa tofali la inchi 18, ukitia bomba kila baada ya matofali mawili unapata nafasi ya sentimita 90 na kidogo, ambayo inatosha nyumba iliyo ndani ya kisiwa, mbali na pwani. Kwa ukuta unaoangalia bahari, Paje, Jambiani, Makunduchi, tia kila tofali. Mdomoni mwa bomba utiwe wavu mdogo wa chuma kisichoshika kutu, la sivyo mavu watajenga, na mende wataingia bila kubisha.

Nailoni ya chini nayo ina umbo lake. Isilale tu kama kwenye ukuta mmoja. Ianzie ndani ya ukuta wa ndani, kozi moja juu, iteremke kwa mteremko kuvuka mwanya, ipite chini ya ukuta wa nje hadi iuone mwanga. Hivyo tone linaloanguka ndani ya mwanya linaangukia mteremko na kusukumwa nje. Kitu hicho hicho kirudiwe juu ya kila lenta (boriti iliyo juu ya tundu) ya dirisha na mlango, na kila kimoja kiwe na mabomba yake yasiyopungua mawili. Ramani nyingi zinaonesha nailoni ya msingi na kusahau ya lenta. Ukiona doa la maji linaanzia pembe ya juu ya fremu na kushuka kama ndevu, basi limeshajieleza.

Mota inayoanguka

Hili nalitenga kwa sababu ndilo linaloua kuta mbili nyingi zaidi kuliko mengine yote, na halionekani baada ya siku moja. Fundi anapolaza tofali, mota ya ziada inaminyika pande zote. Ya upande wa nje anaifuta kwa mwiko. Ya upande wa mwanya inaanguka. Nyingine inafika chini na kuziba mabomba, nyingine inakwama juu ya vishikizo na kuganda. Kila kishikizo chenye bonge la mota ni daraja: maji yanayoteremka nyuma ya ukuta wa nje yanakutana nalo, yanavuka, yanaingia ukuta wa ndani. Ndani ya chumba utaona madoa ya duara, moja hapa, moja pale, yamepangika kwa nafasi zinazolingana. Hizo nafasi ni za vishikizo.

Mafundi wazuri hutumia ubao mwembamba unaoingia mwanyani, umefungwa kamba ncha mbili. Ubao unakaa juu ya vishikizo vya safu iliyopita, mota inaangukia juu yake. Kabla ya kutia safu nyingine ya vishikizo unavutwa juu kwa kamba, unafutwa, unarudishwa. Inachelewesha kazi. Fundi anayelipwa kwa tofali hatautumia ubao huo mpaka wewe uwepo, na hilo si la kumlaumu: mlipe kwa siku kwenye kuta hizo, au umwekee bei nyingine. Kila jioni chukua tochi, chungulia ndani ya mwanya kutoka juu. Utaona kila kitu, na mota ya siku hiyo bado inabanduka kwa fimbo.

Vishikizo

Kanuni ya Uingereza ni vishikizo viachane sentimita 90 kwa mlalo na 45 kwa wima, na karibu na fremu viongezwe, kimoja kila sentimita 30 au chini ya hapo. Kila kishikizo kina kijipindo katikati ili tone lidondoke mwanyani lisivuke. Kisiinamie ndani. Hayo fundi anaelewa kwa kuonyeshwa mara moja.

Kinachogombaniwa ni madini yake. Dukani utapewa waya wa mabati au nondo nyembamba iliyokatwa, na utaambiwa inatosha. Haitoshi. Katika miaka ya 1980 Waingereza wenyewe waligundua kwamba vishikizo vyao vya mabati vilikuwa vinaliwa mapema kuliko walivyotarajia, na nyumba nyingi kati ya hizo haziko karibu na bahari. Kisiwani, upepo wa chumvi unaingia hadi mwanyani. Kishikizo kikiliwa, ukuta wa nje unasimama peke yake bila kushikwa, na huna njia ya kuuona mpaka uanze kupinda. Chuma kisichoshika kutu, au usijenge kuta mbili. Kama bajeti haifiki hapo, rudi kwenye tofali moja na paa lililotokeza. Utapata nyumba bora.

Hesabu ya matofali

Tofali la inchi 9 kwa 18 linahitaji kama 9 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa chumba wa mita 4 kwa 3 ni matofali 108. Kwa kuta mbili 216, na mota yake, na siku zake. Ukiweka la inchi 4 nje, mwanya wa inchi 2 na la inchi 6 ndani, unene unakuwa inchi 12 kabla ya plasta, mara mbili ya ukuta wa kawaida. Kwenye kiwanja kidogo cha mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, hilo ni jambo. Kule Dole au Kianga, kwenye viwanja vikubwa, si jambo. Ramani ikionesha mwanya umejazwa pamba ya kuhifadhi joto, ifute. Hiyo ni ya watu wanaowasha moto ndani ya nyumba.

Mwanya utoe maji tu, au upitishe na hewa?

Hapa ndipo ushauri wa ng'ambo unapotugawa. Vitabu vyao vinasema: tia matundu chini na matundu juu, hewa ipande, mwanya ukauke. Kwa nyumba ya madirisha wazi na feni, ushauri huo ni mzuri hata kwetu, tena unatupa faida ambayo wao hawaitafuti. Ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri unapasha hewa ya mwanya, hewa inapanda na kutokea juu, na joto halifiki ndani lote. Chumba cha kulala kilicho upande huo kinalalika saa mbili usiku badala ya saa tano.

Kwa chumba chenye kiyoyozi mambo yanageuka. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni siku ya kawaida ya Machi, inaanza kutoa matone ikigusa kitu chenye nyuzi 25. Usiku joto linashuka hadi 26 na unyevu unapanda karibu na kushiba. Kiwango cha kutoa matone kinabaki pale pale, 25. Sasa wewe umeweka kiyoyozi 20 au 21 na umelala. Ukuta wako wa ndani una nyuzi 21 upande mmoja na hewa ya nje upande wa pili. Pahala fulani katika unene wake, na usiku hata kwenye uso wake wa mwanyani, pako chini ya 25. Ukiipitisha hewa ya nje kwa wingi ndani ya mwanya, unaupelekea maji ukuta baridi saa zote. Matundu ya juu ambayo yangekausha nyumba ya Uingereza yanailowesha ya kwako.

Unyevu huo ungeweza kupita na kutokea chumbani, ambako kiyoyozi kingeukausha, kama upande wa ndani ungeuruhusu. Rangi ya mafuta, karatasi ya plastiki ya ukutani, vigae hadi juu: vyote vinauzuia, na fangasi inaota nyuma yake. Kabati lililogandishwa ukutani linafanya kazi hiyo hiyo. Kanzu nyeupe ikikaa humo wiki chache inatoka na madoadoa meusi mgongoni na harufu ambayo haitoki kwa sabuni.

Kwa hiyo vyumba vya kiyoyozi mimi huvitenga. Mabomba ya chini yabaki, maana maji ya mvua lazima yatoke. Matundu ya juu yazibwe. Uso wa mwanyani wa ukuta wa ndani upakwe lami wakati wa kujenga, ili unyevu uzuiwe upande wa joto kabla haujaingia. Ndani rangi ya maji tu, na kabati liachane na ukuta kwa vidole vinne. Kiyoyozi kikiwekwa 25 au 26 na feni ikazunguka, usingizi unakuja vile vile na ukuta unabaki mkavu, bila kutaja bili ya umeme.

Kwa ukuta wa mawe ushauri ni mkali zaidi: kiyoyozi cha nyuzi 20 ndani ya chumba chenye ukuta wa mawe unaoloa ni vita isiyokwisha. Feni na madirisha.

Nyumba ipi, ukuta upi

Nyumba ya chini, mbali na pwani, paa la kawaida: tofali moja. Sisiti. Tofauti ya pesa ipelekwe kwenye msingi, kwenye ukingo wa paa na kwenye mfereji wa kupeleka maji mbali. Pemba hasa, ambako nyumba nyingi hukaa kwenye miteremko, maji yanayoteremka kutoka kilimani na kugonga ukuta wa nyuma ni adui mkubwa kuliko mvua ya ubavuni. Mwanya hauyazuii hata kidogo. Chimba mfereji nyuma ya nyumba, ujaze kokoto, uupe mteremko wa kuzunguka. Ni kazi ya siku chache na inashinda ukuta wa pili.

Nyumba ya ghorofa, au yenye paa la kuficha, au iliyo ufukweni mwa mashariki ikiangalia kusi: kuta mbili zina haki yake. Lakini si lazima zizunguke nyumba nzima, na hapa ndipo ninapotofautiana na ramani nyingi. Jenga kuta mbili upande wa bahari na upande wa magharibi, tofali moja kwingine. Pale ukuta wa mwanya unapokutana na ukuta mmoja, tia nailoni ya wima kati yao kutoka chini hadi juu, la sivyo maji ya ukuta wa nje yatapata njia ya pembeni. Na kama paa ni la kuficha, kichwa cha mwanya kifunikwe kwa zege lililotokeza pande zote, lenye mfereji mwembamba wa kudondoshea maji chini ya ukingo na nailoni chini yake.

Aliyekwisha jenga na sasa ana doa, asikimbilie kubomoa. Futa ukuta ukauke juu juu, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, utepe wa gundi pande zote nne isipite hewa, uache siku mbili. Ukikuta umande nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta, na unatafuta ufa, lenta au msingi. Ukikuta umande mbele yake, upande wa chumbani, ukuta hauna kosa. Hewa ya chumba ndiyo inayotona, na tiba ni dirisha, feni au kupandisha nyuzi za kiyoyozi. Watu wanapiga plasta mpya kwa tatizo la pili na kushangaa linarudi.

Na kwa anayejenga kuta mbili, malipo ya hatua ya ukuta yasitoke kabla ya ndoo. Kuta zikifika usawa wa lenta, kabla ya plasta, mimina ndoo ya maji polepole ndani ya mwanya kutoka juu, pahala patatu au pane kwa kila upande. Mtu mmoja asimame nje na mwingine ndani. Wa nje ayaone maji yanatoka kwenye kila bomba la eneo hilo ndani ya dakika chache. Wa ndani apapase ukuta kuanzia chini, na penye kishikizo chenye mota atapagundua kwa kiganja, kwa sababu patakuwa baridi na pameanza kuwa peusi. Hapo pang'olewe tofali moja la nje, bonge litolewe, na ndoo irudiwe.